Mkunga Njiani Haamkii Mtu

Mkoba wangu nimeutundika, wanangu. Uko nyuma ya mlango, kwenye msumari wake, na ndani hamna kitu tena ila kijiko alichokitia mjukuu wangu mdogo, sijui kwa sababu gani. Mikono hii imewapokea watu wa Kibokoni na watu wa Majengo mpaka vidole vikawa vyakataa kukunjuka asubuhi. Watoto wangu wakaniambia, mama, basi. Nikasema haya, basi. Kalamu si kazi yangu. Nalisoma chuoni juzuu chache za Kurani kisha nikaolewa. Mjukuu wangu Mariamu ndiye aandikaye, nami nimemkanya asinipambie maneno. Kama nimesema "lile dude", aandike "lile dude".

Nyinyi wasichana mliosomea hospitalini mwajua habari za mwili kuliko mimi, na nafurahi mno. Kuchemsha makasi na kufunga kitovu sina la kuwafundisha. Nitakalo kuwaambia ni la njiani. Mkunga kabla hajamfikia mzazi, hupita njia, na njia za kisiwa hiki cha Mombasa miaka ile ya vita vikuu vya pili zilikuwa kazi nyingine peke yake. Nimezalisha wazazi wazito, wengine wa kutoa jasho mpaka kisigino, lakini mzito wao wote alikuwa Barabara ya Salim.

Aliyenifunza kazi ni Bi Mashaka, shangazi wa marehemu mume wangu. Alikuwa kibibi kifupi, mkavu kama samaki ng'onda, na akitembea humwoni miguu, waona buibui lapita tu. Siku yangu ya kwanza tulikwenda kwa mzazi wa nyuma ya Ndia Kuu. Yeye mbele, mimi nyuma na mkoba. Njiani nikakutana na jirani yetu, naye yuko barazani kwake. Nikaona haya kumpita. Nikamwamkia. Nanyi mwajua maamkizi ya mji huu: hujambo, watoto hawajambo, mgonjwa wenu aonaje, yule mbuzi alipatikana? Nilipofika, mtoto alikuwa ameshakogeshwa.

Bi Mashaka akanitazama. "Umeamkia?"

"Nimeamkia, shangazi."

"Wote hawajambo?"

"Wote hawajambo, ila mbuzi hajapatikana."

"Basi na huyu mwanamke hajambo, na mtoto wake hajambo. Nawe huna kazi hapa, rudi kwa yule jirani mkamtafute mbuzi."

Tulipokuwa twarudi ndipo aliponieleza. "Ukiwa ndiani kwenda, usimwamkie mtu, awe liwali, awe mamako. Ukirudi, amkia hata paka." Na watu wa mji wakijua. Mkunga akipita kimya na mkoba, mtu hujibandika ukutani, humwombea heri yule anayefuatwa, hakasiriki. Hiyo ndiyo iliyokuwa haki yetu ya njia. Haikuandikwa mahali.

Lakini hiyo ilikuwa ya Mji wa Kale, na ya miguu. Bi Mashaka alipofariki na mkoba ukawa wangu, Majengo ilikuwa imefurika watu, na kila nyumba ina tumbo. Toka Kibokoni mpaka Majengo kwa miguu, katika jua, mpaka nifike mtoto ashaanza kutambaa. Ndugu yangu Athmani, aliyekuwa fundi wa baiskeli, akaniona nimekaa nafikicha nyayo.

"Dada," akasema, "panda keria."

"Mimi? Juu ya baiskeli? Watu watasema nini?"

"Watasema mkunga amefika."

Athmani ni wa tumbo moja na mimi, kwa hivyo la kukaa nyuma yake halikuwa na neno. Mume wa mtu nisingekubali, hata mzazi awe binti yangu. Akanishonea kimto cha sufi, akakifunga kwenye keria, na siku ya kwanza tukatoka vizuri mpaka kati ya Ndia Kuu. Hapo buibui langu likaingia katika mnyororo. Baiskeli ikasimama, mimi nikabaki nimefungwa kama kuku wa sokoni. Na nyuma yetu ikaja motokaa.

Huyo mwenye motokaa ndiye Kassamu. Mshikeni jina, maana ndiye mwenye kisa. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa vitambaa, na ile motokaa nyeusi akiifuta hata asipotumwa. Akapiga honi, pwaa, pwaa.

"Yakhe Athmani! Umebeba mzigo wa makaa?"

"Nimebeba dada yangu!"

"Basi mshushe dada yako, tajiri wangu angojea chakula!"

"Na mimi nangojewa na mtu ambaye hajafika duniani! Tajiri wako amekwisha fika!" nikamjibu mimi, nimekaa vile vile na mnyororo umenishika.

Kassamu akacheka, akashuka, akauzungusha ule mnyororo kwa mkono mpaka buibui likatoka, na grisi akapangusa kwenye kitambaa cha tajiri. Toka siku hiyo nikajifunza kulikunja buibui na kulifunga juu ya kifundo cha mguu kwa kamba, na nyinyi mkipanda baiskeli fanyeni hivyo hivyo. Baadaye nilimzalishia mkewe Kassamu, na yeye alisimama nyuma ya mlango kutwa nzima akisikia sauti yangu nikimwambia yule mwanamke asukume, apumue, asukume. Alipopewa mtoto akalia mpaka tukampa maji.

Leso nayo ilianza hivi hivi. Nalikuwa na leso nyekundu ya madoa meupe, nikiifunga usukani ili nikifika nipate kitu safi cha kukalia. Siku mbili tatu watu wakaizoea. Wakiona ile leso yaja, wajua ni mimi, Bi Mwanamkuu. Waendao kwa miguu wajibandika, wa baiskeli wasogea kando, Kassamu na madereva wenziwe wapunguza mwendo. Hatukuomba. Tulikuta tu tumepewa.

Vita vilipopamba moto, Kilindini ikajaa manowari na mji ukajaa askari. Ndipo zilipokuja zile pikipiki za kupeleka barua za jeshi. Wanangu, sisi tulizoea vitu vyenye adabu ya mwendo. Punda wamsikia, motokaa yakohoa kwanza. Ile pikipiki ikija, imeshapita. Siku moja katika kichochoro cha Kibokoni, pale ukinyosha mikono wagusa nyumba ya huku na nyumba ya huku, tulikuta gurudumu lake limesimama ubavuni mwa gurudumu letu, na moshi wake wote umeingia kwenye mkoba wangu. Aliyeiendesha alikuwa kijana Mkamba, jina lake Mutisya. Akaruka chini mbio.

"Mama, pole! Mimi sikujua iko watu ndani ya hii ukuta."

"Hatukai ndani ya ukuta, mwanangu. Twaja, kama wewe ujavyo. Na ukija mahali huoni, sema."

"Niseme nini?"

"Sema similla."

"Similla ni nini?"

"Ni nipisheni, kwa adabu," akasema Athmani, ambaye alikuwa bado ameshikilia ukuta.

Wenye neno hilo hasa walikuwa mahamali wa mikokoteni. Mkokoteni ukijaa magunia hauna breki. Breki yake ni nyayo za hamali. Kwa hivyo hamali akipiga similla hakuombi, akuarifu. Motokaa yasimama, farasi wa mzungu asimama. Mutisya alilipenda lile neno mno. Akawa apiga similla kila kona, na pasipo kona pia. Barabara ya Kilindini, pana, haina mtu, Mutisya apita peke yake "Similla! Similla!" kama muuza maji. Watoto wakamwita Askari Similla.

Basi tulikaa hivyo, sote katika njia zile zile, na nawaambia kweli, tulikaa vizuri. Aliyeiharibu ni muuza pweza.

Petroli ilikuwa ya kupimiwa, mipira ya baiskeli haipatikani. Athmani alikuwa ajaza tairi matambara na makumbi, na ukikaa kwenye keria meno yagongana. Hata hivyo baiskeli zilizidi, kwa kuwa motokaa zimelala. Na kila mwenye baiskeli ana haraka. Yule muuza pweza alikuwa aleta pweza wake toka Feri mpaka sokoni, na pweza akipigwa na jua wamjua mwenyewe. Akaona leso yangu inavyopishwa. Akaenda akanunua leso nyekundu.

Siku moja Kassamu yuwaja na motokaa, aona leso mbele yake, baiskeli yamjia kwa kasi. Akasema Bi Mwanamkuu huyo, kuna mtu amezidiwa. Akaikata motokaa kando mpaka gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Akatoa kichwa dirishani kumwombea mzazi heri. Aliyepita ni kapu la pweza, miguu yaning'inia, na mwenyewe apiga mluzi.

Kassamu alikuja kwangu miguu imejaa matope.

"Bi Mwanamkuu, mzazi wako leo ana miguu minane!"

"Wasema nini, Kassamu?"

"Nimempisha pweza! Mimi! Motokaa ya watu iko mtaroni, kwa heshima ya pweza!"

Nikajitahidi nisicheke, lakini Athmani alikuwa yuko pale, na Athmani ana kicheko cha kuambukiza. Kassamu akaona twacheka, akazidi kuwaka.

"Chekeni. Lakini nawaapia, mwenye leso simpishi tena. Awe nani. Leso nyekundu nikiiona, naipigia honi mpaka ipauke."

Wala hakuwa peke yake. Baada ya pweza akaja muuza maziwa na leso, akaja mpeleka nguo za dobi, wakaja vijana wasio na kazi yoyote wanaotaka tu kupita haraka kwenda kukaa. Mji mzima ukawa una mzazi. Madereva wakachoka, wakaacha kupisha. Nami nikawa nachelewa, dakika huku, dakika huku. Nikamwambia Athmani, siku moja hili litatufika shingoni.

Likatufika siku ya Iddi.

Majengo alikuwako mwanamke kijana mmoja, Zuhura, mke wa Omari fundi cherehani. Zuhura alikuwa amezaa mara mbili, na mara mbili nimewafunga watoto wale sanda badala ya nguo. Mimba hiyo ya tatu aliibeba kama mtu aliyebeba maji katika kiganja. Alinishika mkono wiki ile akaniambia, "Bibi, nikikosa na huyu, sina moyo wa kubeba tena." Nikamwambia, "Siku yako ikifika niite mimi, nitakuja hata kwa kutambaa." Nimeshasema neno hilo kwa wengi. Lakini kwake yeye nililisema na likanikaa kifuani.

Asubuhi ile watu wametoka kuswali, mimi nimevaa buibui jipya, wanja nimepaka, nimeweka sahani ya kaimati mbele yangu. Omari akaingia mbio, hana viatu.

"Bi Mwanamkuu! Zuhura! Chupa imepasuka, na mama asema kinachotangulia si kichwa."

"Ni nini?"

"Ni makalio."

"Hospitali?"

"Nimetafuta motokaa ya kumpeleka, hakuna ipitayo. Barabara imejaa mpaka vibarazani."

"Nisikilize. Rudi mbio. Mwambie mamako asimvute huyo mtoto, asimguse kabisa. Na Zuhura asisukume mpaka nifike. Apumue kama mtu ala uji wa moto. Haya, nenda!"

Mtoto ajaye makalio, wanangu, mwajua. Akivutwa na mikono yenye hofu, kichwa chabaki nyuma, na hapo hakuna la kufanya. Akiachwa na mtu anayejua kungoja, huja. Mama yake Omari alikuwa mwanamke mwema, lakini alikuwa na mikono yenye hofu.

Tukapanda. Leso usukani, Athmani apiga kengele. Tulipotokea uwanja wa Makadara nikajua tumekwisha. Pembea zimesimamishwa, watoto na kanzu mpya, kofia mpya, wauza halwa, wauza maputo, na baiskeli, yaa Rabbi, baiskeli zote za kisiwa. Vijana wamezikodi, wamezipamba. Na wamezipamba kwa nini? Kwa leso nyekundu, kwenye usukani. Ndio uliokuwa mtindo.

Lakini hata hizo si mbaya kama mikono. Siku ya Iddi Mwislamu hampiti mwenziwe bila kumpa mkono. "Iddi mubarak, Athmani!" Mkono. "Athmani, Iddi mubarak, na ya mwakani!" Mkono. Wanawake nao wananishika mimi huku na huku, Bi Mwanamkuu, watoto hawajambo, umetengeneza kaimati? Athmani alipewa mikono mpaka usukani ukabaki hauna mwenyewe, tukaanguka kwa kijana mmoja na baiskeli yake.

"Nipisheni! Naenda kwa mzazi!" nikasema.

"Hata mimi, bibi!" akanionyesha leso yake. "Leo kila mtu ana mzazi!"

Wenziwe wakacheka. Hawakuwa watoto wabaya. Ningekuwa ni wao, ningecheka.

Tukaisukuma baiskeli kwa miguu mpaka Barabara ya Salim, na pale mbele yetu imesimama ile motokaa nyeusi, Kassamu kwenye usukani, watoto wa tajiri nyuma wamejaa hariri na pipi. Athmani akapiga kengele. Kassamu hata hakugeuka.

"Nimeapa!" akasema kwenye kioo.

"Kassamu, ni mimi," nikasema.

"Wewe nani? Leo wote ni wewe." Akapiga honi, pwaaa, na kelele zikanimeza.

Ningeweza kwenda nikasimama mbele ya motokaa, nikafunua uso, nikabishana. Lakini kubishana pia ni maamkizi, ni kula wakati tu. Nikatazama kando. Nikamwona hamali mmoja, Saidi, amejilaza kivulini juu ya mkokoteni wake, mtupu, kanzu yake nyeupe ya Iddi hata haijakunjika, ala halwa kidogo kidogo.

"Saidi, shuka. Nichukue Majengo."

"Bibi, leo Iddi. Mkokoteni umelala."

"Mzazi hakulala."

Akaitazama kanzu yake. Kisha akaipandisha, akaifunga kiunoni, akaitia ile halwa yote kinywani. Nikapanda mkokoteni, nikakaa katikati na mkoba mapajani kama gunia la mchele. Saidi akashika mbao, akavuta pumzi apige kelele. Nikamzuia.

"Wewe sukuma. Pumzi zako nazitaka miguuni. Similla nitapiga mimi."

Sasa mjue, mimi ni mwanamke wa Kibokoni. Sauti yangu haikuwa imepata kuvuka kizingiti ila kwa kumwita kuku. Mwanamke wa heshima hapigi kelele barabarani, hata moto ukishika nguo yake atasema kwa upole. Nikasema bismillahi, nikafungua kinywa.

"SIMILLAAA!"

Wanangu, mji ule uligawanyika. Watu walihama kabla hawajatazama ni nini. Miguu ya watu wa Mombasa yaijua similla kuliko masikio yao. Anayeisikia anajua nyuma yake kuna kitu kizito kisicho na breki. Baiskeli za leso zikapanda barazani. Muuza maputo akayaachia baadhi yakaenda zake mbinguni. Kisha ndipo watu walipogeuka, wakaniona.

"Jamani! Ni Bi Mwanamkuu! Amekuwa gunia!"

"Gunia la nini?"

"La heri, inshallah! Pisheni!"

Na Kassamu akageuka. Baadaye aliniambia mwenyewe: leso hakuiona, mimi hakuniona, alichokijua ni ile sauti, maana kutwa nzima aliisikia nyuma ya mlango ikimwambia mkewe asukume. Alitoa kichwa dirishani, macho yamemtoka. Hakutosheka kunipisha. Aliipeleka motokaa mbele, akaiweka kwa ubavu, mkingamo, pale magari ya bara yatokeapo Mwembe Tayari, akazima moto. Madereva wa mabasi wakamtukana kwa lugha zote za nchi hii. Yeye ameshuka, ameinua mkono, awajibu mmoja mmoja, "Ndiyo, yakhe. Na wewe pia. Ndiyo. Subiri."

Tukapita.

Mara nikasikia mlio naujua, na nyuma ya mlio neno nalijua. Mutisya akatokea ubavuni na pikipiki yake, uso umekunjamana.

"Mama! Nani amechukua neno yangu?"

"Leo twalitumia sote, mwanangu! Tangulia mbele, Majengo, haraka!"

Ndivyo tulivyokwenda. Mbele pikipiki ya jeshi yapiga similla, katikati mimi juu ya mkokoteni napiga similla, nyuma Athmani na baiskeli apiga kengele ili wenye haraka wasitupite. Penye mteremko Saidi akaacha kusukuma akaanza kushikilia, amekaa nyuma kabisa akiburura nyayo, na ile kanzu ikamfunguka ikawa yakokota vumbi pamoja naye. Nikamwambia, "Saidi, kanzu!" Akasema, "Bibi, hiyo ndiyo breki!"

Kwa Zuhura nikamkuta mama yake Omari amekaa juu ya mikono yake mwenyewe. Kweli, ameikalia, ili isimsaliti. Nilimbusu kichwani baadaye, si wakati ule. Wakati ule nilikosha mikono, nikamtazama Zuhura, amekuwa wa rangi ya majivu, apumua kama nilivyosema, machozi yatoka.

"Bibi, umekuja."

"Nimekuja. Sasa sukuma, mwanangu. Sasa ndiyo."

Sitawaeleza yote, nyinyi mwajua. Nilimwacha mtoto ashuke kwa uzito wake. Mikono yangu ilikuwa chini yake tu, kama sahani. Makalio, miguu, mabega, kisha nikangoja. Pale pa kungoja ndipo mkunga anapopata mvi. Kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa bluu, kimya. Nje kulikuwa na watu wengi wangojea, kwa kuwa wametufuata. Nikamgeuza, nikamfuta pua, nikampangusa mgongo kwa ile leso nyekundu, nikampangusa, nikampangusa.

"Bibi," akasema Zuhura, hakuthubutu kutazama. "Bibi, mbona..."

Mtoto akalia. Alilia kama anayemdai mtu.

"Msikilize mwenyewe," nikamwambia. "Mtoto wa kike huyo. Ana sauti ya hamali."

Vigelegele vya Majengo siku ile nadhani walivisikia Likoni. Nilipotoka mlangoni nikamkuta Mutisya amevua kofia, Saidi amekaa juu ya mkokoteni akiitazama kanzu yake, na Kassamu amefika kwa miguu, watoto wa tajiri amewashika mikono, pipi zimewashika mashavuni.

"Bi Mwanamkuu. Heri?"

"Heri, Kassamu. Wote wawili."

Akageukia ukuta kidogo, akajifuta. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Sasa naweza kwenda kuiondoa motokaa?"

"Kwani iko wapi?"

"Iko pale pale. Ufunguo ninao mimi."

Kurudi nyumbani tulirudi kwa miguu, na kila mtu nikamwamkia. Wote niliowapita, mkono kwa mkono, Iddi mubarak, watoto hawajambo, ndiyo kaimati nimetengeneza. Tulifika Kibokoni jua lazama. Pale kizingitini kulikuwa na paka wa jirani. Nikamwamkia naye.

Baada ya Iddi walikutana barazani kwa Athmani, madereva, wa baiskeli, mahamali, na muuza pweza akaitwa pia. Sikuwako, ni baraza ya wanaume, lakini dirisha langu liko karibu. Walipatana leso ivaliwe na usukani wenye mkunga juu ya keria, na mkunga akishuka, leso nayo ishuke. Kassamu akajitolea kuwa mwangalizi. Mwaka mzima alitembea na makasi ndani ya motokaa, ya kukatia leso za uongo. Muuza pweza alikuwa wa kwanza kuifungua ya kwake, akaniletea pweza mkubwa, nikampika kwa nazi, tukamwita Kassamu naye aje kula. Akala. Akasema huyu angalau hakumpisha.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaachia. Lifungeni buibui. Pigeni kengele kabla ya kona, si ndani ya kona. Msimtukane dereva, maana iko siku mtakuwa mwamwambia mkewe asukume, naye yuko nyuma ya mlango. Na leso ikishindwa, sauti mnayo.

Juzi nalikuwa natoka dukani na vitunguu vyangu, katika kile kichochoro chembamba, nikasikia kengele kabla ya kona. Nikajibandika ukutani. Ikapita baiskeli ya mume wa Mwanasha, yule msichana niliyemfunza mwisho kabla sijautundika mkoba. Mwanasha yuko kwenye keria, buibui amelifunga kwa kamba, leso nyekundu yapepea mbele. Tulitazamana, uso kwa uso, karibu kama mimi na Mariamu hapa. Hakusema kitu. Hakuinua hata nyusi. Gurudumu likakanyaga kidimbwi, tope likanirukia mpaka kifuani, wakapinda kona wakaenda.

Mwenye duka, mgeni wa mji, alikuwa ametoa kichwa nje, ameona yote.

"Bi Mwanamkuu! Hata shikamoo! Msichana yule hana adabu kabisa. Nani aliyemfunza?"

Nikapangusa tope, nikacheka mpaka vitunguu vikaanguka.

"Mimi," nikamwambia. "Nalimfunza mimi."